Alexander Merensky na Ubatizo wa Maji

Katika orodha ya watu waliotangulia kabla ya Injili kufika Bulongwa, jina la Alexander Merensky halina budi kutajwa, ingawa si yeye aliyefungua kituo hicho. Alizaliwa tarehe 8 Juni 1837 katika Silesia, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Prussia, akaingia Misheni ya Berlin, na mwaka 1859 akafika Afrika Kusini.

Mwaka 1861 alianza kazi kati ya Wapedi. Mfalme Sekwati alimpokea vema, lakini alifariki mwaka uo huo, na mwanawe Sekhukhune akatawala. Mwanzoni huyu naye aliwavumilia Wakristo. Baadaye aliona kwamba waliobatizwa wanaanza kumtii Bwana mwingine, akawatesa. Mwaka 1864 Merensky alikimbia pamoja na waumini, na mwaka 1865 akaanzisha Botshabelo, maana yake mahali pa kukimbilia. Miongoni mwa waliokimbilia huko alikuwa Johannes Dinkwanyane, ndugu wa mfalme kwa baba.

Hapo ndipo swali la ubatizo linapokuwa zito. Misheni ya Berlin ilimfundisha mtu kwa muda mrefu kabla ya kumbatiza, na mume wa wake wengi hakubatizwa mpaka abaki na mmoja. Je, aliyeamini akafia mateso angali darasani, amepotea? Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linakiri kwamba ubatizo ni wa lazima kwa wokovu. Hata hivyo Walutheri, wakimfuata Agostino, hufundisha kwamba kinachohukumu ni kuudharau ubatizo, si kuukosa. Yule mnyang'anyi msalabani hakupata maji, naye aliahidiwa Paradiso. Kwa sababu hiyo kanisa halikulegeza agizo la Bwana, bali liliruhusu ubatizo wa dharura: mgonjwa akiwa karibu kufa, Mkristo yeyote aweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Utatu. Kuhusu wake wengi jibu halikuwa jepesi hivyo, kwa maana huyo hakukataa maji; alizuiliwa.

Merensky alirudi Ujerumani mwaka 1882. Mwaka 1891, akiwa na miaka 54, aliongoza msafara wa kwanza wa Berlin kupitia mto Zambezi na Shire hadi kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wakajenga Wangemannshöh katika nchi ya Wanyakyusa. Hakukaa sana. Wenzake ndio waliopanda milima ya Livingstone na kuanzisha Bulongwa mwaka 1895, kati ya Wakinga.

Alifariki Berlin mwaka 1918. Wakati huo vita vilikuwa vimewaondoa wamisionari wa Kijerumani huku Ukinga, na mchungaji mzawa hakuwapo bado. Walimu na wazee walibaki na darasa la ubatizo, wakiendelea kuwafundisha watu waliokuwa wakingojea maji.