Paul Bomani: Aliyetaka mkulima aijue mizani

JINA la Paul Bomani hutajwa zaidi kwa uwaziri na ubalozi. Lakini kwa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, kazi yake kubwa ilianzia mahali padogo: penye mizani ya kupimia pamba.

Bomani alizaliwa mwaka 1925 huko Musoma, mtoto wa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Baada ya masomo aliajiriwa katika mgodi wa almasi wa Mwadui, na mwaka 1947 akaingia katika ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Mwanza, ambako alikuja kuwa katibu.

Wakati huo ununuzi wa pamba ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiasia na wenye vinu vya kuchambulia. Mkulima alifika kituoni na mzigo wake, karani wa mnunuzi akaupima, akausoma na kutaja ratili. Mkulima ambaye hakujua kusoma namba alipokea fedha alizopewa. Kama mizani haikuanzia sufuri, au kama ratili kadhaa zilikatwa kwa ajili ya gunia, hakuwa na njia ya kujua. Malalamiko ya kupunjwa yalienea Usukumani kote.

Dawa iliyopatikana ilikuwa rahisi. Wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe karibu na vituo vya kununulia. Mtu alipima pamba kwa mpimaji anayemwamini, akaelezwa uzito kwa lugha yake, kisha ndipo akaenda kwa mnunuzi. Namba mbili zikilinganishwa, wizi unaonekana.

Kutokana na vuguvugu hilo, mwaka 1952 Bomani aliongoza kuundwa kwa chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa. Alizunguka vijijini akihimiza wakulima waunde vyama vya msingi, kisha akaenda kusomea ushirika Loughborough, Uingereza, mwaka 1953 hadi 1954. Aliporejea, vyama hivyo viliungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, naye akawa meneja mkuu. Katika miaka michache shirikisho hilo lilishika ununuzi wa pamba ya jimbo na kumiliki vinu vyake.

Bomani aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka huo huo wa 1955, akawa Waziri wa Kilimo mwaka 1960 na wa Fedha kuanzia 1962 hadi 1965. Baadaye aliiwakilisha Tanzania Marekani kwa zaidi ya miaka kumi. Alifariki dunia mwaka 2005.

Hata hivyo, historia ina upande wa pili. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati ya kuchunguza ushirika, na miongoni mwa kasoro zilizobainika ni wakulima kupunjwa ndani ya vyama vyao wenyewe. Mizani ilikuwa imehamia kwa mwenzao, lakini mkulima bado alikuwa haisomi. Miaka miwili baadaye shirikisho lile likavunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na Nyanza.

Hapo ndipo penye somo kwa leo, ambapo mizani ni ya kidijitali na malipo huingia kwenye simu. Menyu ya simu sasa ndiyo uso wa mizani. Ikiwa maneno yake hayaeleweki, mkulima wa Magu au mchuuzi wa dagaa wa Kirumba atamwachia kijana mwingine simu yake pamoja na namba ya siri, na hapo karani wa zamani atakuwa amerudi.

Wanaotengeneza programu za vyama vya msingi wazingatie haya: maneno yawe ya mkulima, yaani kilo, pamba safi, pamba fifi, makato, kila makato yaonyeshwe peke yake, jina na kiasi vionekane kabla ya kuthibitisha, na pawe na njia ya kurudi nyuma mtu akikosea.

Nawe mkulima, kabla mzigo haujapandishwa, angalia mizani inasoma sufuri na ina alama ya Wakala wa Vipimo. Ukipata ujumbe wa malipo, linganisha kilo zake na za stakabadhi hapo hapo kituoni, kabla hujaondoka.