TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Sayyidna Umar na malisho ya mnyonge



Ndugu yangu uliyefunga, leo tukae kidogo na Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.). Wengi tunamjua kwa ushujaa wake na kwa uadilifu wake. Leo mtazame upande mmoja unaotugusa sisi watu wa Kasekese moja kwa moja: Umar na mifugo.

Huyu mtu alianzia machungani. Katika ujana wake alichunga ngamia wa baba yake, huko Dhajnan, karibu na Makka. Baba alikuwa mkali na kazi ilikuwa ngumu. Miaka mingi baadaye, akiwa khalifa, alipita pale pale akawaeleza waliokuwa naye jinsi alivyokuwa akihangaika na ngamia, na kwamba sasa hakuna aliye juu yake isipokuwa Allah. Hakuona haya kuitwa mchungaji.

Mwaka 13 Hijria (634) alishika ukhalifa baada ya Sayyidna Abu Bakr (r.a.). Nchi zikafunguka: Sham, Iraq, Misri. Zaka ikawa inaingia kwa miguu yake yenyewe, ngamia na kondoo kwa makundi. Sasa wewe mfugaji unajua, mnyama anataka majani na maji. Hapo ndipo ulipo mtihani, na ni uleule tulio nao sisi.

Umar alitenga malisho maalumu huko Rabadha, yanaitwa *hima*. Akamweka msimamizi, Hunayy, mtumwa aliyekuwa amemwacha huru. Maagizo aliyompa yasikilize vizuri: mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, mruhusu aingie. Mifugo ya Abdulrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan, izuie.

Jamani, hao ni masahaba wakubwa, wote wawili wamebashiriwa Pepo. Umar hakuwachukia. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Mifugo ya tajiri ikifa, ana mitende na mashamba ya kurudia. Mifugo ya mnyonge ikifa, atakuja mlangoni kwa khalifa na watoto wake wanalia, na khalifa hataweza kumfukuza, itabidi atoe dhahabu na fedha. Basi bora ampe majani na maji mapema. Akamuonya pia Hunayy aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Na alikiri wazi kwamba wenyeji wa ile ardhi waliona wamedhulumiwa, kwa sababu ilikuwa nchi yao tangu zamani. Hakujifanya haoni uchungu wao.

Je, kwa mwanawe ilikuwaje? Siku moja aliona sokoni ngamia walionona sana. Akauliza ni wa nani, akaambiwa ni wa Abdullah bin Umar. Akamwita. Abdullah akaeleza kwamba aliwanunua kwa pesa yake, akawapeleka kwenye hima kama wanavyofanya Waislamu wengine. Umar akaona kwamba watu lazima walikuwa wakiwapisha ngamia hao majani na maji kwa sababu tu ni wa mtoto wa khalifa. Akamwamuru achukue mtaji wake tu, na faida yote iende Baitul-mali.

Na mnyama mwenyewe alikuwa na haki kwake. Umar aliweka mkono wake ndani ya kidonda cha ngamia, akihofia kuulizwa kesho kuhusu maumivu yale. Alimchapa mtu aliyemtwisha ngamia mzigo kupita uwezo wake. Alimkuta mtu anamburuta kondoo kwa mguu kwenda kumchinja, akamkemea na kumtaka ampeleke kwa upole. Hata katika zaka, alipomwona kondoo mwenye kiwele kikubwa alihuzunika, akajua mwenyewe hakumtoa kwa ridhaa, akawakataza wakusanyaji kuchukua mnyama bora wa watu.

Kisha ukaja mwaka 18 Hijria, Mwaka wa Majivu. Mvua zikakatika, ardhi ikawa kama jivu, mifugo ikafa, watu wakamiminika Madina na njaa. Umar akaapa hali samli wala nyama mpaka watu wote wapate. Alikula mkate kwa mafuta mpaka rangi yake ikabadilika. Akaandika barua Sham kuomba chakula, misafara ya ngamia ikaja. Zaka ya mifugo ya mwaka ule akaiahirisha mpaka watu wapumue.

Mwaka 23 Hijria (644) alichomwa kisu akiwa anaswalisha Alfajiri, akafa shahidi. Alikuwa ametawala miaka kumi na ushei.

Sasa turudi nyumbani. Mkoa wetu wa Katavi umepokea ng'ombe wengi kwa miaka mingi. Wenyewe walikuwa wanafuata majani. Ng'ombe hao wametupa maziwa, nyama, samadi na maksai wa kulimia, na wapo waliosomesha watoto kwa ng'ombe. Lakini pia tunajua ugomvi. Kundi linaingia kwenye mahindi ya mjane, linamaliza kwa saa moja chakula cha mwaka mzima. Mkulima naye kwa hasira anamkata ng'ombe panga, anamwadhibu kiumbe asiyejua mpaka wa shamba. Kiangazi kikifika, maji ya mto Katuma yanapungua, na yanayobaki yanagombewa na watu, mifugo na viboko wa hifadhini.

Ndugu yangu mwenye kundi kubwa, jiulize: Umar angekuwa mwenyekiti wa kijiji chetu, ng'ombe wako angewaruhusu au angewazuia? Usiseme shamba lile utalilipa kwa mazungumzo pembeni. Mwenye shamba anayenyamaza kwa kuwa anakuogopa hajakusamehe. Na wewe unayehukumu kesi hizi, usipindishe mizani kwa kumwangalia mwenye ng'ombe mia. Umar hakumpindishia hata mwanawe.

Na wewe mkulima, funga yako haikai pamoja na panga lenye damu ya mnyama. Mfuate mwenye mifugo, peleka mashahidi, dai haki yako.

*Ya kufanya leo:*
1. Kama una ng'ombe 30 au mbuzi 40 wa kuchunga waliotimiza mwaka, njoo msikitini tuhesabu zaka yao. Ng'ombe 30 ni ndama mmoja wa mwaka, mbuzi 40 ni mbuzi mmoja.
2. Kama mifugo yako imekula shamba la mtu na hujalipa, nenda leo kabla ya futari. Kijana anayekuchungia asibebeshwe deni lako.
3. Mwangalie mnyama wako: kidonda cha nira, kupe, punda anayebebeshwa magunia kupita uwezo wake. Mtibu, mpumzishe.
4. Ukinunua nyama ya futari, kumbuka jirani anayesikia harufu tu.

Ewe Mola wetu, tubarikie mifugo yetu na mashamba yetu, tuepushe na dua ya tuliowadhulumu, na umridhie Sayyidna Umar. Aamin.

Mtumie na mwenzako aliye machungani. Tukutane Tarawehe, inshaallah.