Sheikh al-Amin na karatasi yake moja

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma hapa Mazimbu, katika Kampasi ya Solomon Mahlangu, aliniletea makala niipitie kabla hajaipeleka gazetini. Kurasa saba. Mada yake ilikuwa gharama za harusi za Waislamu wa Morogoro mjini, na mada ni nzuri. Lakini hadi namaliza ukurasa wa nne nilikuwa nimeshapitishwa Marekani, kwa Freemason, katika Vita vya Msalaba na kuanguka kwa Andalusia, na harusi yenyewe sijaiona. Nikamuuliza ukumbi unakodishwa kwa shilingi ngapi. Hakujua. Nikamuuliza kama anamfahamu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui. Akanijibu kwa adabu kuwa anamfahamu, Ustadh, ni yule profesa wa Marekani.

Yule profesa, Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa mtoto wake. Baba mtu ndiye ninayemkusudia hapa, na nasikitika kuwa Waislamu wengi wa huku bara tunaosoma na kuandika magazeti hatumjui, ilhali tunafanya kazi aliyoianzisha yeye.

Sheikh al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo wa Mazrui uliowahi kuutawala mji huo. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, naye mwanachuoni, alifariki wakati mtoto akiwa bado mdogo sana. Akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali, kisha akavuka kwenda Zanzibar kuchukua elimu kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir. Kwa msomaji asiyewajua, inatosha kusema kuwa katika zama zile hao ndio waliokuwa kilele cha elimu ya dini katika mwambao wetu.

Kwa elimu ile angeweza kukaa barazani, watu wakambusu mkono mpaka siku ya kufa kwake. Wengi wamefanya hivyo na hatuwalaumu. Yeye alikuwa akisoma jarida la al-Manar lililotoka Cairo kwa Sheikh Rashid Rida, na humo aliona namna kalamu ya mwanachuoni inavyoweza kumfikia mtu asiyekaa darsani. Mwaka 1930 akaanza kutoa Sahifa.

Jina lenyewe maana yake ni ukurasa, na hivyo ndivyo ilivyokuwa: karatasi moja, kila wiki, kwa Kiswahili cha Mombasa kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi ambazo Muislamu wa kawaida wa pwani alikuwa amejifunza chuoni tangu utotoni. Tukumbuke kuwa mwaka huo huo wa 1930 ndipo kamati ya lugha ya serikali za Kiingereza ilipoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili, kwa herufi za Kirumi na kwa msingi wa lahaja ya Unguja. Katika hesabu za wakoloni, mzee aliyesoma na kuandika barua zake maisha yake yote kwa herufi za Kiarabu alikuwa anaelekea kuhesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Sheikh al-Amin alimwandikia mzee huyo.

Karatasi moja haina nafasi ya kuzunguka. Jambo moja linatajwa, linaelezwa ubaya wake au faida yake, basi. Aliandika juu ya elimu ya watoto, umoja wa Waislamu, na israfu katika harusi na misiba (naam, harusi, zaidi ya miaka tisini iliyopita!). Aliandika pia juu ya vijana wanaoiga wazungu katika mavazi na starehe. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi, kwani hakuishia kuwatukana wazungu. Alieleza kuwa kama ni kuiga, basi tuige bidii yao ya elimu na namna wanavyoshikamana katika mambo yao. Lawama kubwa aliielekeza nyumbani, kwa Waislamu wenyewe, watu ambao angekutana nao msikitini Ijumaa ile ile. Si ajabu kuwa wapo waliomchukia.

Nasema haya nikijijua. Makala yangu ya kwanza, nikiwa na umri wa kijana yule, nilimshutumu mfanyabiashara mmoja kwa maneno niliyoyasikia kibarazani baada ya swala. Sikumwendea hata mara moja kumuuliza. Ikatoka, watu wakanipongeza, na baada ya wiki mbili nikaambiwa ukweli, nikaenda kumuomba radhi dukani kwake mbele ya wateja. Alinisamehe. Makala haikufutika.

Mwaka 1932 Sheikh alianzisha gazeti kubwa zaidi, al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Halikudumu muda mrefu. Mwaka huo huo alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Nilipokuwa chuo kikuu nilikuwa nikiuona uamuzi huu kuwa udhaifu, vipi mkosoaji akubali cheo cha serikali ya kikoloni? Siku hizi sina uhakika huo. Mirathi na talaka za Waislamu zilihitaji mtu wa kuzihukumu, na kalamu yake haikukauka: aliendelea kutunga vitabu vya kufundishia dini kwa Kiswahili, na mwaka 1944 makala za Sahifa zikakusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Kazi iliyokuwa kubwa kuliko zote ni tafsiri ya Qur'ani. Tafsiri kamili ya Kiswahili iliyokuwapo wakati ule ilikuwa ya mwaka 1923, na aliyeitoa ni padri wa misheni ya UMCA, Godfrey Dale. Sheikh al-Amin akaanza ya kwake. Alifariki mwaka 1947 akiwa hajaikamilisha. Waislamu wa Afrika Mashariki tulisubiri hadi mwaka 1969 ndipo tukaipata tafsiri kamili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy.

Mtoto wake Ali alikuwa na miaka kumi na minne siku hiyo. Baba alitaka aende al-Azhar. Hakwenda, lakini akawa miongoni mwa waandishi wa Kiafrika waliosomwa zaidi duniani, kwa Kiingereza.

Kijana wangu nimemrudishia kurasa zake saba na karatasi moja tupu. Jumamosi alikwenda mjini kuuliza bei za kumbi. Jana usiku ameniletea ujumbe kuwa maneno hayatoshi kwenye karatasi moja, na anaomba ruhusa ya kutumia upande wa nyuma. Nimemkatalia.