Eduardo Mondlane na Taaluma ya Ustawi wa Jamii

Wanaomkumbuka Eduardo Mondlane (1920–1969) kama kiongozi wa ukombozi wa Msumbiji husahau kwamba alianza na masomo ya ustawi wa jamii, katika Chuo cha Jan Hofmeyr, Johannesburg. Mwaka 1949 serikali ya makaburu ilimfukuza nchini. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Northwestern, aliandika tasnifu ya uzamivu (1960) kuhusu mgongano wa dhima na suala la rangi. Kazi ambayo, kwa maoni yetu, ni ya saikolojia-jamii zaidi kuliko sosholojia. Alifundisha Syracuse hadi 1963, akahamia Dar es Salaam kuiongoza FRELIMO. Wapiganaji walipopiga kambi Kongwa, mkoani Dodoma, mkewe, Janet, aliendesha Dar es Salaam shule ya vijana wakimbizi, Taasisi ya Msumbiji. Bomu lililofichwa katika kifurushi lilimuua Mondlane tarehe 3 Februari 1969.