Auguste Escoffier: Mtoto wa mhunzi aliyelipa jiko la hoteli ngazi zake

Kijana aliyehitimu mafunzo ya upishi, awe Nairobi, Kigali au Paris, akiajiriwa katika hoteli kubwa hakabidhiwi jiko siku ya kwanza. Humenya viazi na kukata vitunguu chini ya mkuu wa kitengo. Akionekana anafaa, hupewa kitengo chake, kisha huweza kupanda hadi unaibu wa mpishi mkuu, na wachache hufika kileleni. Aliyeupanga mfumo huo kwa sura inayojulikana leo ni Mfaransa Auguste Escoffier, mtu ambaye utotoni hakutamani kabisa kuwa mpishi.

Escoffier alizaliwa Oktoba 28, 1846 katika kijiji cha Villeneuve-Loubet, kusini mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mhunzi, na mtoto mwenyewe alitaka kuwa mchongaji wa sanamu. Familia iliamua vingine. Mwaka 1859, akikaribia umri wa miaka 13, alipelekwa Nice kujifunza kazi katika mkahawa wa ami yake. Nice wakati huo ilikuwa bado chini ya Ufalme wa Sardinia, hivyo mtoto huyo alivuka mpaka wa nchi ili akapike.

Uanagenzi katika zama hizo haukuwa na darasa wala cheti. Mtoto alifagia, alibeba makaa, aliosha masufuria, na alijifunza kwa kutazama na kwa kupigwa. Ami yake hakumpendelea kwa sababu ya undugu. Escoffier alikuwa mfupi, na inasimuliwa kuwa alivaa viatu vyenye visigino virefu ili uso wake usiunguzwe na joto la majiko. Majiko hayo yalikuwa ya makaa, mara nyingi chini ya ardhi, yenye moshi na hewa haba. Wapishi walikunywa pombe kutwa ili kustahimili joto, na matusi yalikuwa ndiyo lugha ya kazi. Watu wa heshima walifurahia chakula, lakini hawakumhesabu aliyekipika.

Mwaka 1865 alihamia Paris, akaanza tena karibu na chini, safari hii kama msaidizi katika kitengo cha nyama za kuchoma kwenye mkahawa wa Le Petit Moulin Rouge. Vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, aliitwa jeshini kuwapikia maafisa. Alikuwamo katika mji wa Metz ulipozingirwa, chakula kilipokwisha na farasi wakaanza kuchinjwa. Mji ulisalimu amri mwezi Oktoba, naye akachukuliwa mateka hadi Ujerumani.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1884 huko Monte Carlo, alipoanza kufanya kazi na Mswisi César Ritz, meneja wa hoteli. Mmoja alijua matajiri wanapenda kulala na kupokewa vipi, mwingine alijua wanapenda kula nini. Mwaka 1890 wote wawili walikwenda London kuendesha hoteli mpya ya Savoy.

Hapo ndipo Escoffier alipopata nafasi ya kulipanga jiko zima. Kabla yake, kila kitengo kilifanya kazi peke yake, na mara nyingi mpishi mmoja alishughulikia chakula kimoja tangu mwanzo hadi mwisho huku mgeni akisubiri. Escoffier aligawa kazi: wa vyakula baridi, wa mboga na supu, wa nyama za kuchoma, wa sosi, wa keki na maandazi. Chukua mfano wa mayai yanayoandaliwa pamoja na figo na sosi. Mmoja anakaanga mayai, wa pili anachoma figo, wa tatu ana sosi tayari, na sahani inatoka kwa dakika chache. Alipiga marufuku ulevi na matusi jikoni, akaagiza wapishi wapewe kinywaji cha shayiri kisicho kileo, na akawataka wavae kwa staha hata wanapotoka kazini. Faida kwa mgeni ilikuwa kasi. Kwa mfanyakazi ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu sasa alijua yuko daraja gani, anamjibu nani na cheo kinachofuata ni kipi.

Hata hivyo, ngazi hiyo haikuwa ya kila mtu. Majiko makubwa ya wakati huo yalikuwa ya wanaume, na mpangilio mpya haukugusa jambo hilo.

Naye aliyeipanga alianguka. Machi 1898 Savoy iliwafukuza kazi Ritz na Escoffier kwa pamoja. Baadhi ya wapishi waligoma kuondoka, na polisi wakaitwa. Umma haukuelezwa kisa kamili. Uchunguzi wa hoteli ulikuwa umegundua kuwa Escoffier alikuwa akipokea kamisheni ya siri kutoka kwa wauzaji wa vyakula, nao wakileta bidhaa pungufu. Mwaka 1900 alikiri kwa maandishi, akalipa pauni 500, na hati zikafichwa hadi miaka ya 1980. Wapo wanaomtetea kwamba huo ulikuwa mtindo wa biashara nzima. Utetezi huo ni dhaifu kwa mtu aliyewadai vijana wake nidhamu kila siku.

Kazi yake haikukoma. Hoteli ya Ritz ilifunguliwa Paris mwaka huohuo wa 1898, akapanga jiko lake, kisha akaongoza jiko la Carlton mjini London kwa takriban miaka 20. Mwaka 1903 alitoa Le Guide Culinaire, kitabu cha maelfu ya mapishi kilichoandikwa kwa ajili ya wapishi wa kazi. Mwaka 1910 aliandika pendekezo la kusaidiana ili kuondoa umaskini, akiwafikiria wale ambao umri umewaondoa kazini bila akiba. Mwanawe Daniel aliuawa vitani mwaka 1914, naye baba akaendelea kupika London.

Alistaafu baada ya miaka ipatayo 60 jikoni, akarudi Monte Carlo kwa mkewe, Delphine, ambaye kwa muda mrefu walikuwa wakiishi mbalimbali. Mwaka 1928 Ufaransa ilimpandisha cheo kuwa afisa katika nishani yake ya Légion d'honneur, heshima iliyokuwa nadra kwa mtu wa jikoni. Delphine alifariki mwanzoni mwa Februari 1935. Escoffier alimfuata siku chache baadaye, Februari 12, akiwa na umri wa miaka 88. Alizikwa Villeneuve-Loubet, na nyumba aliyozaliwa sasa ni jumba la makumbusho ya upishi.