Antao: Kijana wa Mombasa aliyeipa Kenya dhahabu ya kwanza

Kabla hujaskroli ukaenda zako, nijibu kitu kimoja: Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola alitoka wapi? Wajua ushasema Eldoret kimoyomoyo. Ama Iten, ama Nandi. Hata mimi ningesema hivyo. Kumbe alitoka papa hapa kisiwani Mombasa, na wala hakukimbia zile mbio ndefu za kuzungukazunguka uwanja. Alikimbia zile ambazo ukipiga chafya umezikosa.

Anaitwa Seraphino Antao. Niseme ukweli, jina hili sikulipata darasani (na chuo chenyewe niliachia njiani, kwa hivyo usiniulize vyeti). Nililipata Makadara jioni moja. Watoto walikuwa wanashindana pekupeku kutoka kwenye mti mpaka kwa mama wa viazi karai, mzee mmoja wa Mji wa Kale akatikisa kichwa, akasema hao wote Antao angewatangulizia nusu ya njia na bado awapite. Nikadhani anataja mchezaji wa Brazil. Nikaingia kwenye simu kutafuta, na usiku ule nililala saa tisa.

Antao alizaliwa Mombasa tarehe 30 Oktoba 1937, wazazi wake wakiwa Wagoa. Kama hujui Wagoa ni akina nani, tembea mpaka Fort Jesus. Wareno walioanza kuijenga ile ngome mwaka 1593 walikuwa na makao yao makuu Goa, pwani ya India. Yaani Mombasa na Goa zimejuana kabla Nairobi haijawa hata kituo cha reli. Baadaye, enzi za Mwingereza, Wagoa wengi wakaja huku kufanya kazi za ofisini, wakajenga vilabu vyao na shule zao. Antao alisoma Goan High School, shule moja wapo ya hapa Mombasa.

Sasa kumbuka wakati wenyewe. Mkoloni alikuwa amegawa watu kwa rangi, shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waarabu mbali, za Waafrika mbali, na michezo nayo ikafuata mkondo huohuo. Wagoa walitamba zaidi kwenye magongo. Antao akashika riadha, chini ya kocha Mzungu anaitwa Ray Batchelor. Na usifikirie mambo ya mkataba na viatu vya bure. Riadha enzi hizo ilikuwa ya ridhaa tupu, ukilipwa kwa kukimbia unafungiwa. Jina lako liandikwe gazetini leo, kesho asubuhi uko kazini kama kawaida.

Alikwenda Cardiff kwenye Jumuiya ya Madola ya 1958, akaenda Olimpiki ya Rome 1960, na kote huko hakurudi na medali. Tupite haraka, manake mwaka wake ulikuwa 1962.

Mwaka huo kwanza alikwenda London akashinda mbio za yadi 100 na za yadi 220 kwenye mashindano ya AAA, ubingwa mkubwa wa Uingereza uliokuwa ukivutia watu kutoka kila pembe. (Yadi ni ileile fundi anayokupimia kitambaa Biashara Street. Yadi 100 ni kama mita 91 na nusu.) Halafu mwezi wa Novemba akasafiri na timu ya Kenya mpaka Perth, Australia, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Perth ilikuwa moto. Siku kadhaa joto lilipita nyuzi 38, na wageni kutoka nchi za baridi wakateseka. Mimi nafikiri mtoto wa Mombasa hapo alijisikia nyumbani, ingawa hiyo ni fikra yangu tu, usiende kuinukuu.

Mtu aliyeogopwa kwenye yadi 100 alikuwa Harry Jerome wa Canada, mwenye rekodi za dunia. Kulikuwa pia na Tom Robinson wa Bahamas, bingwa wa yadi 220 kutoka Cardiff. Kwenye fainali Jerome akaumia vibaya paja katikati ya mbio. Antao akapasua utepe kwa sekunde 9.5, Robinson akawa wa pili. Dhahabu. Kabla ya siku ile Kenya ilikuwa imewahi kupata shaba tu kwenye michezo hiyo.

Najua kuna mtu hapo ashaanza kusema ni bahati, Jerome aliumia. Sawa. Lakini kushika mstari wako wakati mwenye rekodi ya dunia anavunjika pembeni yako si jambo la bahati. Na kisha ikaja yadi 220, Antao akashinda tena. Dhahabu mbili za mbio fupi kwenye michezo mmoja. Mwaka huohuo akapewa tuzo ya Helms kutoka Marekani, kama mwanamichezo bora wa Afrika.

Hapa ndipo habari inaponigusa mimi. Antao anashinda Perth, Kenya bado ni koloni. Goa ya wazazi wake nayo ilikuwa ya Wareno mpaka Desemba 1961, India ilipoichukua. Desemba 1963 Kenya inapata uhuru. Ndani ya miaka miwili, nchi walikotoka wazee imebadilisha mwenyewe, na nchi aliyozaliwa imebadilisha mwenyewe. Fikiria wewe ni kijana wa miaka 26, kila mtu anakuuliza wewe ni wa wapi.

Oktoba 1964, Olimpiki ya Tokyo. Mara ya kwanza Kenya inaingia uwanjani kama nchi huru, na bendera ile nyeusi, nyekundu na kijani, dunia nzima inaitazama. Aliyeibeba ni Antao, Mgoa wa Mombasa. Itafute picha yake siku moja utulie nayo. Kwenye mbio zenyewe mambo hayakwenda, hakufika fainali. Medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya ilikuja hukohuko Tokyo kwa miguu ya Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800, na tangu hapo ndio tukajiita taifa la mbio za kati na ndefu.

Antao akaacha mashindano. Baadaye akahamia London. Miaka ile Wahindi na Wagoa wengi walikuwa wanafunga virago, wengine kwa sababu ya uraia, wengine vibali vya kazi, wengine hofu tu. Sababu zake yeye siwezi kumsemea. Alifia London tarehe 6 Septemba 2011, akiwa na miaka 73.

Sasa nikupe kitu kilichonikera. Tom Robinson, yule wa pili Perth, uwanja wa taifa wa Bahamas pale Nassau unaitwa kwa jina lake. Mwaka 2014 Wakenya walivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mara nne ndani ya uwanja huo. Harry Jerome, aliyeumia, ana sanamu ya shaba Vancouver, anakimbia mbele ya bahari. Mimi nimezaliwa kisiwani humu, nimepanda matatu na tuktuk za kila njia, na sijawahi kuambia kondakta anishushe kwa Antao.

Agosti 2022 Ferdinand Omanyala alishinda mita 100 Birmingham kwa sekunde 10.02. Watangazaji wakaanza kuhesabu nyuma kumtafuta Mkenya wa mwisho kushinda mbio hizo za Jumuiya ya Madola. Wakahesabu miaka 60, wakamkuta Antao. Kwa siku kama mbili jina likazunguka kwenye simu za watu, kisha likapotea tena.

Juzi nimepita Makadara, wale watoto bado wapo, mti uleule, mama uleule wa viazi. Nikawasimulia. Mmoja akataka kujua kama huyo Antao alikuwa anakimbia pekupeku kama wao. Nikamwambia hapana, viatu vya misumari. Akasema basi hiyo si haki, akarudi kwenye mti kujipanga.