Robert Bosch: Fundi aliyeifundisha injini kupima mafuta

Ukipita gereji ya magari, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, hukosi kusikia mafundi wakizungumzia nozeli, ile ncha inayopulizia mafuta ndani ya injini. Na kijana aliyenunua gari la mtumba na kutaka liende kasi zaidi huwa na swali moja: nikifunga nozeli kubwa, nitapata nguvu zaidi?

Jibu la swali hilo limo ndani ya maisha ya mtu aliyefariki mwaka 1942, ambaye jina lake bado linasomeka kwenye plagi, pampu na nozeli dunia nzima. Mtu huyo ni Robert Bosch.

Bosch alizaliwa tarehe 23 Septemba 1861 katika kijiji cha Albeck, karibu na mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa 11 kati ya watoto 12. Baba yake alikuwa mkulima mwenye nyumba ya wageni, na hakuwa mtu wa shida. Kijana Robert alipelekwa Ulm kuwa mwanagenzi wa ufundi wa vyombo vidogo vya kupimia, lakini bwana wake hakujishughulisha sana kumfundisha. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Miaka mingi baadaye, mwaka 1913, alianzisha katika kiwanda chake idara maalumu ya kufundisha wanagenzi.

Kama wengi wetu tulio ughaibuni, naye alitoka kwenda kutafuta ujuzi. Mwaka 1884 alivuka bahari hadi Marekani, akafanya kazi katika karakana ya Thomas Edison mjini New York, kisha akapitia Uingereza kufanya kazi katika kampuni ya Siemens. Alirudi nyumbani, na tarehe 15 Novemba 1886 akafungua karakana yake mjini Stuttgart. Wafanyakazi walikuwa wawili tu: fundi mmoja na kijana wa kutumwa.

Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu. Alitengeneza simu, kengele za umeme na chochote kilicholetwa na mteja, akizunguka mjini kwa baiskeli kukagua kazi. Mwaka 1887 mteja mmoja alimwomba amtengenezee magneto, kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini. Mwaka 1897 karakana yake ilifaulu kukifanya kifaa hicho kifanye kazi kwenye chombo cha barabarani. Mwaka 1902 mhandisi wake, Gottlob Honold, alikamilisha magneto ya umeme mkali pamoja na plagi yake. Hapo mlango ulifunguka. Kufikia mwaka 1912 kampuni ilikuwa imetengeneza magneto milioni moja.

Utajiri haukumfanya asahau alikotoka. Mwaka 1906 aliwapa wafanyakazi wake siku ya kazi ya saa nane, wakati viwanda vingi bado vilikuwa vikiwafanyisha watu kazi kwa saa kumi. Matajiri wenzake walimbandika jina la Bosch Mwekundu. Yeye aliona kwamba mtu aliyepumzika hafanyi makosa mengi, na katika kazi yake kosa dogo lilikuwa hasara kubwa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, sehemu kubwa mno ya mauzo yake ilikuwa nje ya Ujerumani. Soko hilo likafungwa. Kiwanda chake cha Marekani kilitaifishwa mwaka 1918 pamoja na hati za ugunduzi wake. Wakati huo huo kampuni ilipata fedha nyingi kwa kuliuzia jeshi vifaa. Fedha hizo zilimsumbua. Alitoa mamilioni kwa kazi za jamii, ikiwemo mradi wa kuufanya mto Neckar upitike kwa meli. Kisha mwaka 1921 akampoteza mwanawe Robert, kijana aliyetarajiwa kumrithi, baada ya ugonjwa wa muda mrefu.

Ni katika kipindi hicho cha majonzi, Bosch akiwa na umri wa miaka 61, ndipo lilipofanyika jambo linalotuhusu leo.

Rudolf Diesel alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1897 kwamba injini inaweza kufanya kazi bila plagi. Hewa inabanwa mpaka inakuwa ya moto sana, kisha mafuta yanaingizwa na kuwaka yenyewe. Ugumu ulikuwa kwenye kuyaingiza. Diesel alitumia hewa iliyoshindiliwa kuyasukuma mafuta, na mtambo wa kushindilia hewa hiyo ulikuwa mkubwa na mzito. Ulifaa kiwandani na melini, si kwenye lori. Diesel alipotea baharini mwaka 1913 kabla tatizo hilo halijatatuliwa vizuri.

Mwaka 1922 Bosch aliamua kampuni yake ijaribu kutengeneza pampu na nozeli za dizeli. Kazi ilichukua miaka mitano, na katikati yake, mwaka 1926, soko la magari la Ujerumani lilianguka na wafanyakazi wengi wakapoteza ajira. Lakini mradi haukuachwa. Mwaka 1927 pampu ya kwanza ya kuuzwa kwa wingi ilitoka kiwandani.

Siri yake ilikuwa kipimo. Ndani ya pampu kuna kipande cha chuma kinachopanda na kushuka ndani ya mfereji wake, na nafasi kati ya viwili hivyo hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Ubavuni mwake kimechongwa mkato wa mshazari. Dereva akikanyaga mafuta, kipande kinazunguka kidogo, na mkato ule unaamua ni kiasi gani kipite. Injini ikiwa imewashwa na gari limesimama, dozi ya silinda moja ni ndogo kuliko punje ya mchele. Dozi hiyo inatakiwa ifike kwa wakati wake, ikiwa ukungu mwembamba, maelfu ya mara kwa saa. Malori yalianza kutumia dizeli kwa wingi, na mwaka 1936 Mercedes-Benz ikatoa gari dogo la abiria la dizeli, 260 D, likiwa na pampu ya Bosch.

Sasa turudi kwa kijana wetu wa gereji. Nozeli haitengenezi nguvu. Nguvu inatokana na mafuta kuungua pamoja na hewa ya kutosha. Ukifunga nozeli kubwa bila kuongeza hewa, unapata moshi, petroli inayoosha oili kwenye kuta za silinda, na injini inayotetemeka ikiwa imesimama. Ukiongeza hewa kwa tabochaja ukabakiza nozeli ndogo, mafuta yanapungua, joto linapanda na pistoni inaweza kutoboka.

Kwa hiyo mtu huanza na nguvu anayoitaka, ndipo achague nozeli. Kwa makadirio ya mafundi, injini ya petroli ya silinda nne isiyo na tabochaja, yenye nguvu ya farasi 200, inahitaji nozeli zinazopitisha kama sentimita za ujazo 330 kwa dakika kila moja, ili zisilazimike kuwa wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda. Ukitaka farasi 300 kwa tabochaja, utahitaji karibu 600. Na lazima pampu ya mafuta iweze kuzilisha, na kompyuta ya gari ipangwe upya kwa nozeli hizo. Kipimo kwanza, ukubwa baadaye. Hilo ndilo Bosch alilolisimamia maisha yake yote.

Lakini maisha yake yana funzo jingine, na hili ni chungu. Bosch alipenda amani, na alitaka Wajerumani na Wafaransa wapatane. Wanazi walipochukua madaraka mwaka 1933 hakuwapenda. Kampuni yake ilisaidia Wayahudi waliokuwa wakiteswa, na mwaka 1937 ikamwajiri Carl Goerdeler, mpinzani wa Hitler ambaye baadaye alinyongwa. Pamoja na hayo, viwanda vyake viliendelea kulitumikia jeshi. Ndege za kivita za Kijerumani za mwaka 1940 zilikuwa na mfumo wa Bosch wa kupulizia petroli moja kwa moja kwenye silinda. Ndiyo maana ziliweza kuinamisha pua ghafla bila injini kukwama, wakati ndege za Kiingereza zenye kabureta zilikohoa. Na katika vita hivyo watu takriban 20,000 walifanyishwa kazi kwa lazima katika viwanda vya kampuni hiyo.

Mtu aliyejua kupima mafuta kwa tone hakuweza kuamua yatumike wapi. Alifariki tarehe 12 Machi 1942, akiwa na umri wa miaka 80, na serikali aliyoichukia ikamfanyia maziko ya kitaifa.

Mema yake yalibaki pia. Hospitali aliyoijengea Stuttgart, iliyofunguliwa mwaka 1940, bado inahudumia wagonjwa. Zaidi ya asilimia 90 ya hisa za kampuni ziko mikononi mwa mfuko wa hisani wenye jina lake. Ufundi wake ulifika hata Japani: kampuni ya Diesel Kiki ilianza mwaka 1939 kutengeneza pampu kwa leseni ya Bosch, na Denso ikaingia makubaliano ya kiufundi na Bosch mwaka 1953. Kwa hiyo hata lori la Kijapani linalobeba mahindi kwetu nyumbani linaweza kuwa na asili yake Stuttgart.

Basi kijana, kabla ya kununua nozeli kubwa, uliza kwanza: hewa ipo? Pampu inatosha? Kipimo kinasemaje? Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na injini nayo hula kwa kibaba chake.